Miwani ya Marehemu Mzee Saimon

Wapo watu ambao wakisikia msiba huuliza marehemu aliugua nini. Wapo wanaouliza ameacha watoto wangapi. Wendelini Ndunguru wa Majengo, aliposikia kwamba Mzee Saimon wa Mjimwema alishazikwa na kwamba siku hiyo ndiyo watu wanamaliza matanga, aliuliza hivi:

"Yule mwenye miwani ya dhahabu?"

"Huyohuyo," alisema Tabu, mama wa chapati, huku akigeuza chapati bila kumtazama. "Yule mzee wa Iringa, anayeongea Kihehe na mkewe mpaka sokoni. Anatembea mikono nyuma, anakohoa kila akitaka kusema. Presha tu, ghafla, kwisha."

"Maskini. Na hiyo miwani, wamemzika nayo?"

Tabu akaacha chapati iungue. "Wende, una akili timamu wewe? Nani anazikwa na miwani? Akasome nini huko?"

"Nauliza kwa uchungu tu," alisema Wendelini, akajifuta chozi ambalo halikuwepo, kisha akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake cha chai. Akachukua cha jirani yake, akanywa mpaka akamaliza.

Hakuwa na nia mbaya na chai ya jirani. Alikuwa haoni tu.

Ni haki tumweleze kidogo huyu bwana kabla hatujamcheka. Wendelini alikuwa tapeli, tena si wa kubahatisha. Aliuza mjini hapa vitu vingi ambavyo havipo na vichache ambavyo vipo lakini havifanyi kazi. Mimi mwenyewe ninayesimulia, mtu mwenye cheti ukutani, nilinunua kwake dawa ya kuongeza mayai. Niliwachanganyia kuku wangu kwenye pumba kwa muda mrefu na kwa imani kubwa, mpaka mke wangu aliponiuliza kwa upole kama nimewahi kuwatazama vizuri wale kuku. Wote walikuwa majogoo. Kwa hiyo nikisema kwamba sisi watu wa Songea hatudanganyiki kirahisi, naomba mnivumilie.

Watu hudhani tapeli anaishi kwa mdomo. Si kweli. Mdomo kila mtu anao. Tapeli anaishi kwa macho. Anamtazama mteja usoni, na pale kope inapocheza kidogo, hapo anajua aongeze neno, au apunguze bei, au akimbie. Wendelini aliwajua watu kwa nyuso zao kuliko mapadri. Bila miwani, nyuso zote za Songea zilikuwa unga uliomwagika.

Na miwani yake ilivunjika kwa ujinga wake mwenyewe, jambo ambalo lilimuuma zaidi. Maji ya bomba yalikatika jioni. Akafungua koki, akaona hakuna kitu, akaiacha wazi, akalala. Alfajiri maji yakarudi kwa nguvu zote, yakajaza ndoo, yakajaza chumba, yakabeba ndala zake na kuzipeleka chini ya kitanda. Wendelini akaruka kutoka kitandani kwenda kuokoa godoro, na mguu wake wa kwanza ukatua juu ya miwani. Ilikatika pale kati panapokaa juu ya pua. Vioo vilibaki vizima, kila kimoja na upande wake.

Kununua mpya dukani ilikuwa haiwezekani. Kulipia kitu kwa bei yake halali Wendelini alikuona ni aibu ya kazi. Akanunua gundi ile kali ya kwenye kitubu kidogo, akaunga, na kwa haraka yake akaivaa kabla haijakauka. Ilishika vizuri sana. Ilishika fremu, ikashika na nyusi, na ilipotoka ilitoka na nusu ya nyusi ya kulia. Akajaribu plasta ya kidonda, ikalowa jasho. Akajaribu kijiti cha kiberiti na mpira wa kufungia vitumbua, na huo ukafyatuka mbele ya mteja katikati ya maneno matamu, kioo kimoja kikaingia kwenye bakuli la supu ya mteja. Mteja akakitoa kwa kijiko, akakilamba, akamrudishia, akaondoka.

Jumatatu alimweleza mtu mmoja mtanashati, aliyesimama nje ya duka la fundi cherehani, habari ya shamba la mchanga wenye dhahabu. Alimweleza kwa muda mrefu. Yule mtu alikuwa msikivu kupita wote aliowahi kuwapata, hakukatiza hata mara moja, na Wendelini alikuwa ameshafika kwenye suala la kishika uchumba, ile pesa ya kutangulia, ndipo fundi alipotoka ndani akambeba yule mtu begani na kumwingiza dukani. Lilikuwa sanamu la kuonyeshea suti.

Jioni ile Wendelini alikaa kitandani juu ya godoro bichi akaogopa kweli. Alijua siku si nyingi atamweleza habari za dhahabu askari aliyevaa kiraia. Hakuwa na kazi nyingine. Hakujua hata kulima. Asipopata macho, amekwisha.

Ndiyo maana habari ya Tabu ilimwingia kama uji wa moto.

Mipango yake yote mikubwa ilikuwa rahisi, na huu ulikuwa rahisi kuliko yote. Wangoni na Wahehe walipigana zamani mpaka wakachoka, wakabaki wanataniana, na mtani akija kwenye msiba ana ruhusa ambayo hata mkuu wa wilaya hana. Anaweza kukalia kiti cha marehemu. Anaweza kudai jogoo. Anaweza kuvaa koti la marehemu na kofia yake na miwani yake, akatembea alivyotembea na kukohoa alivyokohoa, mpaka watu waliokausha macho kwa kulia waanze kucheka. Hakuna anayeweza kumwita mwizi. Kwa hiyo Wendelini angekwenda Mjimwema kama Mngoni, mtani wa marehemu Mhehe, angevaa kila kitu, angemuigiza, na katika kumuigiza angetoka getini kama mzee anayekwenda kununua gazeti. Watacheka, alijiambia, mpaka mimi nafika Majengo.

Kizuizi kilikuwa kimoja. Wendelini hakuwa Mngoni. Alikuwa Mmatengo wa Mbinga, baba na mama. Lakini Ungoni, aliona, ni suala la sauti tu na kifua, na vyote viwili alikuwa navyo.

Akavaa jaketi lake zuri, akatia simu mfuko mmoja na vipande vya miwani mfuko mwingine, akapanda bodaboda mpaka Mjimwema.

Mlangoni alipokelewa na kitu kipana chenye khanga. Alikisia kuwa ni mjane, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikisia sawa. Alikuwa Bi Benigna mwenyewe, mke wa marehemu.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Wendelini.

"Milele amina."

"Shikamoo, mama. Poleni sana na msiba."

"Marahaba, baba. Tumeshapoa. Wewe ni nani mwenzetu?"

"Lo! Mama unaniuliza mimi ni nani? Wahehe mmewasahau waliowakimbiza? Mimi ni mtani wenu, Mngoni kamili, wa ngao na mkuki! Mmetuzikia mtani wetu kimyakimya, kama mnaficha nyama. Faini yake ni jogoo, tena mwenye kuwika!"

Bi Benigna aliinamisha kichwa upande mmoja, akawa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Sema tena, baba," alisema.

"Niseme nini, mama?"

"Chochote. Sauti yako inanifariji."

Katika maisha yake yote ya kazi hakuna mtu aliyewahi kumwomba Wendelini aongeze maneno. Akaongeza. Akamsifu marehemu ambaye, kwa alivyojua, hakuwahi kuzungumza naye, akaeleza walivyokula pamoja, akaeleza utu wake na busara zake na jinsi miwani ile ilivyompendeza. Bi Benigna akajiziba mdomo kwa upindo wa khanga, mabega yakatikisika. Wendelini akajua analia, akafurahi kwamba mambo yanakwenda vizuri. Angekuwa na macho angekimbia palepale.

"Na wewe ni Mngoni wa ukoo gani?" aliuliza mjane alipopata pumzi.

Ukidanganya, danganya kwa jina lenye uzito. "Gama!" alisema Wendelini, akijipiga kifua. "Wendelini Gama. Muulize mtu yeyote."

"Gama," alirudia mjane polepole. "Mungu ni mkubwa. Ingia, mwanangu. Ingia ukae na wazee."

Akatangulia yeye, na Wendelini akaona kwa mbali ukungu mmoja wenye khanga ukiinama kwenye sikio la ukungu mwingine wenye fimbo. Hakujali. Alikuwa anatafuta kitu cha rangi ya dhahabu.

Nyumba yenyewe ilimpokea vibaya. Mlango ulikuwa haufunguki mpaka uunyanyue. Nguzo ya baraza ilikuwa imesimama upande. Bomba la uani lilikuwa limefungwa kwa mpira wa tairi na bado linatiririka, na ndani ya sebule, chini ya paa, palikuwa na beseni linalosubiri mvua. Wendelini alijigonga mara kadhaa kabla hajapata benchi.

Pale uani wazee walikuwa kwenye mabishano. Mkubwa wao alikuwa Mzee Aidani, yule mwenye fimbo, na suala lililokuwa mezani tangu asubuhi ni nani atashika nyumba ya marehemu, maana watoto wake wa kike waliolewa mbali na mama hawezi kupanda juu ya paa.

"Mimi ningeshika kwa moyo mweupe," alisema George, mpwa wa marehemu, "lakini tumbaku yangu iko Namtumbo na tumbaku haimsubiri mtu."

"Hata mimi," alisema Mathias, mpwa mwingine. "Tatizo mgongo. Daktari kanikataza hata kuinua koleo."

"Daktari gani?" aliuliza Mzee Aidani.

"Ni wa siri kidogo, babu."

Mwenyekiti wa mtaa, aliyealikwa kuwa shahidi, alikuwa ameshashuhudia mengi ya namna hiyo na alikuwa anasinzia. Wendelini naye hakusikiliza. Mambo ya familia za watu hayakumhusu.

Ndipo Bi Benigna alipotoka ndani na ungo. Akauweka juu ya mkeka katikati ya watu. Ndani yake palikuwa na koti jeusi lililokunjwa, kofia, na juu ya kofia miwani, ikimetameta kwa jua la Songea.

"Vitu vya mwenye nyumba ndivyo hivi," alisema.

George akatazama Mlima Matogoro kana kwamba umeanza kujengwa leo. Mathias akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala.

Wendelini akasimama.

"Mnaogopa?" alipaza sauti. "Mimi siogopi! Nipeni vitu vya mzee wangu!"

"Nikushikie jaketi, baba," alisema Bi Benigna, na jaketi likaondoka mikononi mwake pamoja na simu na vipande vya miwani, kabla hajasema ndiyo.

Akavaa koti. Likamkaa. Akavaa kofia. Kisha akavaa miwani ya dhahabu na kuinua uso aione dunia.

Dunia ilikuwa ileile. Unga uliomwagika.

Akaivua, akaifuta kwa upindo wa shati, akaivaa tena. Unga. Labda ni machozi ya watu, alijiambia, nitaiosha nyumbani. Watu walikuwa wanamsubiri, na geti lilikuwa upande ule ambako palikuwa na mwanga. Akaweka mikono nyuma, akakohoa kama Tabu alivyoeleza, akaanza kutembea kizee.

Kina mama wakaguna. Hawakucheka bado.

Hatua chache mbele alilivaa pipa la maji, kwa goti. Akajua ni mtu. "Samahani sana, mama," aliliambia pipa, akagusa kofia kwa heshima, akalizunguka.

Uwanja ukalipuka.

"Ndiye!" alipiga kelele shangazi mmoja, Anjelika, akajipiga mapaja. "Jamani ndiye! Pipa lile alikuwa analisalimia kila asubuhi!"

Wendelini akaendelea. Kamba ya kuanikia nguo ikamkata shingoni, kofia ikaanguka, akainama kuitafuta, akaokota kuku. Watu wakaanguka kwenye mikeka. Mtu akalia na kucheka kwa pamoja, akisema mwacheni, mwacheni, Saimon kabisa. Akakanyaga mlango wa banda la bata. Akamwamkia mbuzi. Kila alipojigonga walitaja siku na mahali marehemu alipojigonga vilevile. Wendelini hakuelewa. Alikuwa hajaanza hata kuigiza. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anashangiliwa kwa kitu cha kweli, na hakujua ni kipi.

Alifika getini. Akashika komeo, komeo likabaki mkononi. Akasukuma geti, na fimbo ikashuka mbele ya kifua chake.

"Unakwenda wapi, baba?" Ilikuwa sauti ya Mzee Aidani.

"Marehemu anakwenda kununua gazeti," alisema Wendelini, akakohoa vizuri.

"Marehemu amerudi," alisema Mzee Aidani. "Haendi tena popote."

Akamgeuza taratibu kwa mabega, akamkabilisha na watu, akamkabidhi ile fimbo.

"Ndugu zangu," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa nzito kwa furaha. "Tangu asubuhi tumetafuta mtu wa kushika nyumba hii. Wengine wana tumbaku. Wengine wana migongo. Mungu ametuletea mmoja ambaye hatukumwita. Hakuulizwa, amesimama mwenyewe. Hakubembelezwa, amevaa mwenyewe. Na ni damu yetu. Ni Gama. Leo ndugu yetu Saimon Gama amepata mrithi."

"Saimon nani?" alisema Wendelini.

"Gama."

"Si alikuwa Mhehe?"

"Nani, Saimon?" Mzee alicheka. "Alizaliwa hapahapa Songea, mtoto wa baba yangu mdogo. Alikwenda Iringa kijana, akaoa huko, akarudi na mke na lugha ya mke. Mhehe ni mama yako pale."

"Tumekubali!" alipiga kelele Mathias kabla mtu hajauliza. George akalia machozi halisi kwa ajili ya tumbaku yake. Vigelegele vikapanda.

"Wazee wangu, subirini," alisema Wendelini. "Mimi nimekuja kama mtani tu. Ni utani huu."

"Mtani wa nani, mwanangu?" aliuliza Mzee Aidani. "Gama hamtanii Gama kwenye matanga ya Gama. Watani hapa ni watu wa mama. Wewe ukivaa hilo koti, umelivaa kama mwenye nyumba."

"Ni kwamba huo ukoo, kusema ukweli..."

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameamka. "Unataka kusema wewe si Gama?" aliuliza kwa sauti ya mtu anayejua namba ya kituo cha polisi. "Maana kama si Gama, tueleze. Vitu vya marehemu umevivaa kama nani, na ulikuwa unatoka navyo kwenda wapi?"

Wendelini alilitafuta jibu la tatu. Kwa kawaida lilikuwepo. Alitazama uso wa mwenyekiti aone kope, akaona unga.

"Mimi ni Gama," alisema kwa sauti ndogo.

Wakala, wakanywa, wakaaga mmoja mmoja, kila mmoja akimshika mkono mrithi na kumpongeza. Mathias alimkumbatia kwa nguvu kuliko mgongo ulivyoruhusu. Jua lilipoanza kupungua Wendelini alikuwa amekaa karibu na mlango wa sebule kwenye kiti cha marehemu, ambacho mguu mmoja ulikuwa mfupi, na Bi Benigna alikuwa amekaa mbele yake na jiko la mkaa.

"Mama," alisema Wendelini, "nikwambie mapema. Mimi mambo ya kurithi mke siyawezi."

"Nani kakwambia narithiwa? Mimi ni baiskeli?" Bi Benigna alipuliza mkaa. "Kinachorithiwa hapa ni kazi. Miwani inakufaaje?"

"Vizuri sana, mama."

"Muongo. Haikumfaa hata mwenyewe." Akaongeza mkaa. "Aliinunua stendi, mwaka ule mahindi yalikubali. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikapu. Kijana mmoja akamwambia ni vioo vya Ujerumani, vinafuata umri wa mtu. Akamwambia, mzee wangu, mwanzoni usitegemee kuona. Macho yanazoea polepole."

Maneno yale Wendelini aliyajua. Alikuwa ameyatunga mwenyewe, akiwa amekaa juu ya boksi la miwani ya urembo yenye vioo vitupu, na aliyapenda, maana yalimzuia mteja asirudi kudai. Alikuwa ameyatumia kwa watu wengi. Sura ya Saimon haikumjia hata kidogo.

"Basi akasubiri macho yazoee," alisema Bi Benigna. "Nilimwambia tupa hiyo, Saimon, umedanganywa. Akasema hapana, kijana yule alikuwa na maneno mazuri mno, hawezi kuwa tapeli. Akasubiri mpaka amekufa. Na hakukubali fundi aingie humu, kila kitu alitengeneza mwenyewe, na miwani yake usoni. Bomba alilikata yeye akidhani ni mzizi. Nguzo aliisimamisha yeye. Paa lile alipigilia misumari yote, na hakuna hata mmoja ulioingia kwenye mbao. Mume wangu alikuwa mtu mzuri, baba. Alikuwa haoni tu."

Wendelini aliona aibu. Nasema hivyo wazi kwa sababu watu wa Majengo hawaamini nikiwasimulia. Alitazama chini, na machozi yalimtoka bila kutafutwa, yakapita nyuma ya vioo vitupu vya dhahabu.

"Ulinijua tangu mlangoni," alisema.

"Sura nilishaisahau. Sauti, hapana."

"Kwa nini hukupiga kelele za mwizi? Watu walikuwa wamejaa."

"Mwizi angenisaidia nini mimi?" alisema Bi Benigna. "Paa linavuja."

Akamvua miwani ya marehemu, akaifuta, akaifunga ndani ya kitambaa na kuiweka kifuani. Hiyo ilikuwa yake. Kisha akatoa kwenye jaketi la Wendelini vipande viwili vya ile iliyovunjika, akavigeuzageuza kwenye mwanga, akaguna kwa ile gundi na ule unywele wa nyusi ulionasa ndani yake. Akachukua sindano ya kushonea magunia, akaipasha kwenye mkaa mpaka ikawa nyekundu. Akatoboa tundu dogo upande huu wa fremu, na tundu dogo upande ule. Akachomoa uzi wa nailoni kwenye kiroba cha unga kilichokwisha, akaupitisha, akauzungusha, akakaza kwa meno, akafunga fundo, na fundo akaligusisha na ncha ya moto likayeyuka na kuwa kitu kimoja.

"Gharama yake?" aliuliza Wendelini, kwa mazoea.

"Kaa kimya."

Akamvika mwenyewe, kama mama anavyomvika mtoto kofia ya baridi.

Kitu cha kwanza alichokiona Wendelini ni uso. Alikuwa na njaa ya uso. Ulikuwa uso mpana, uliochoka, wenye macho mekundu, na pembeni ya mdomo palikuwa na kicheko kilichozuiliwa tangu mlangoni. Aliutazama kwenye kope kama alivyozoea, akatafuta pale panapocheza. Hapakucheza kitu.

Kisha akaona vingine. Aliona nguzo. Aliona beseni, na juu ya beseni paa, na katika paa nyota za mchana zisizo na idadi, kila moja tundu la msumari wa Saimon. Aliona geti. Lilikuwa limefungwa, na kupitia mianya yake alimwona Mathias, yule wa mgongo, yuko kwa nje anapigilia komeo jipya kwa bidii, na misumari yake ilikuwa inaingia imenyooka kabisa.

"Unaona vizuri?" aliuliza Bi Benigna.

"Naona, mama," alisema Wendelini.

"Basi anza na bomba."